Poda ya Rangi Yangu

Kimandolu, Arusha
3 Machi 1957

Mdogo wangu Kaanaeli,

Marahaba. Naitikia kabla hujaniamkia, maana barua zako siku hizi zinafika mara moja kwa msimu wa kahawa. Huku tu wazima. Baba anakohoa kila asubuhi na hataki kwenda hospitali, anasema ana mtoto kompaunda Dar es Salaam na mtoto huyo hajampelekea hata kidonge. Mama amepanda maharage chini ya migomba, mvua bado inatuzungusha. Ng'ombe mwekundu amezaa dume. Jirani yetu Thomasi ameezeka bati, na tangu siku hiyo anasubiri sisi ndio tumwamkie.

Sasa jambo lenyewe. Wewe unashinda unasaga dawa za ngozi za watu usiowajua, basi mfanyie kazi na dada yako. Nataka poda ya uso.

Unajua uso wangu. Nikiingia darasani saa mbili ni mkavu, ikifika saa nne watoto wa darasa la pili wanaweza kujitazama kwenye paji langu. Nimekwenda dukani kwa Mehboob nikanunua poda ya kwanza, ya rangi ya waridi. Nilitoka nikafanana na mtu aliyedumbukia kwenye gunia la unga wa ngano. Nikanunua ya pili, hii ya kijiti, ya mafuta mafuta. Mafuta juu ya mafuta, nani alifikiria jambo hilo? Kabla sijafika nyumbani ilikuwa imeshuka mpaka kwenye kola ya blauzi. Ya tatu ilishika pua, ikaacha mashavu.

Binti yake Mehboob, Khairunissa, ndiye aliyenionea huruma. Alisema, "Dada, hizi zote zimepikwa kwa ajili ya memsahib, mabibi wa Kizungu. Hata mimi zinanikataa, na bado nakaa hapa naziuza." Angalau yeye anasema kweli.

Usiniulize poda ni ya nini. Nitengenezee tu, isiyo na mafuta, na iwe ya rangi yangu.

Dada yako,
Eunike


Dar es Salaam
20 Machi 1957

Dada Eunike,

Shikamoo. Mimi nipo, joto la huku linanimaliza. Mwambie Baba nitampelekea dawa ya kifua, na aache kuvuta ugoro. Wasalimie Mama na ndama.

Nimesoma barua yako mara mbili nikidhani imeandikwa na mtu mwingine. Mwalimu mzima, mwimbaji wa kwaya, anahangaika na vumbi la dukani. Mimi hapa nina watu wenye ukoma, wenye mba, wenye majipu, na wewe unaniletea shida ya kung'aa. Bibi yetu alijipaka siagi ili ang'ae, na watu wakamsifu mpaka anakufa.

Lakini kama ni kwa ajili ya hiyo picha, nitajaribu. Chumba cha dawa kina zinki, kina talki, kina udongo mweupe unaonywewa na wenye kuhara. Hivyo vitatu vinanyonya mafuta kuliko poda yoyote ya Mehboob.

Tatizo ni rangi. Usiniambie wewe ni maji ya kunde, nusu ya Tanganyika ni maji ya kunde. Nionyeshe rangi yenyewe kwa kitu nitakachokishika mkononi.

Mdogo wako,
Kaanaeli


Kimandolu
7 Aprili 1957

Mdogo wangu,

Mvua imefika, maharage yamesimama. Baba amesema ugoro hauhusiani na kifua, na kwamba kompaunda ni mtu aliyeshindwa kuwa daktari. Mimi sijasema kitu, nimeandika tu alivyosema.

Picha gani, Kaanaeli? Mimi sikukuandikia habari ya picha. Kumbe wewe na Philemoni mnakaa huko mnanizungumza kama mbuzi wa mnada.

Haya, kwa kuwa unajua, sikiliza na upande wangu. Huyo karani rafiki yako alikuja Krismasi, akala sahani mbili, akanitazama wakati Mama anaomba baraka, akaondoka. Februari akaniandikia kwamba wazee wake wako tayari kuja kuleta posa mwezi wa nane, ila kwanza nimpelekee picha ya kuweka barazani, "uso using'ae kama sufuria." Sufuria, Kaanaeli. Mtu mwenyewe masikio yake yanatangulia kuingia chumbani.

Lakini nina miaka ishirini na minane. Ruth tuliyesoma naye ana watoto wanne. Nataka kuwa na jiko langu na mlango wangu, nimechoka kuwa binti wa nyumba hii. Nimelisema mara moja, sitalirudia.

Rangi hiyo hapa. Nilichukua buni tulizobakiza nyumbani, nikazikaanga polepole, na kila nikihesabu ishirini nikatoa punje moja. Nilipanga punje kumi na sita kwenye ukingo wa dirisha, nikaziweka moja moja shavuni mbele ya kioo, mchana kweupe. Mama alidhani tunapata wageni, akabandika maji. Punje ya kumi na moja ndiyo mimi. Nimeifunga kwenye kitambaa ndani ya bahasha hii. Ukiinywa nitajua.

Eunike


Dar es Salaam
19 Mei 1957

Dada,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa, kazi ni nyingi. Kopo hilo. Rangi ni ile ile ya punje, nimeipima mwenyewe. Osha uso kwa sabuni, ukauke kabisa, usipake krimu yoyote chini yake. Bonyeza poda kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, usisugue. Ukiona mafuta yanatoka, gandamiza karatasi usoni kisha ongeza kidogo.

Piga picha upesi. Philemoni anauliza.

Kaanaeli


Kimandolu
2 Juni 1957

Kaanaeli,

Baba amepata dawa, anaimeza na ugoro. Wote wazima isipokuwa mimi, ambaye usharika mzima unajua kuwa ninaumwa.

Leo nilipaka poda yako nikaenda kanisani. Mama alinitazama mlangoni akanishika paji la uso, akauliza kama nimetapika. Njiani nilikutana na watu watatu, wote wakanipa pole. Nilipokaa kwenye kwaya, mke wa mchungaji alinong'ona na mumewe, na kwenye maombi ya wagonjwa nikasikia jina langu kati ya mzee mwenye kiharusi na mtoto aliyeungua uji. Nikasimama na wenzangu kuimba "Bwana asifiwe" nikiwa na uso wa majivu na shingo ya kahawa. Alto nzima ilikuwa inacheka kwenye vitabu.

Nikupe haki yako: haikuyeyuka. Mpaka saa saba mchana paji langu lilikuwa kavu kama ubao. Kwa kuchanganya, mdogo wangu, unajua kazi. Kwa macho, sijui nisemeje. Hiyo ni punje ya nne, labda hata ya tatu. Punje ya nne bado ni mbichi ndani, haifai hata kwa uji wa mgonjwa.

Kompaunda anayepima dawa kwa chembe ameshindwa kupima shavu la dada yake aliyembeba mgongoni. Nieleze ilikuwaje. Nieleze vizuri.

Eunike


Dar es Salaam
30 Juni 1957

Dada Eunike,

Shikamoo, na pole kwa ya kanisani.

Punje ilivunjika kwenye posta. Ikabidi niisage, na kahawa iliyosagwa inaonekana nyeupe kuliko punje nzima. Ndilo kosa. Sina rangi nyingine hapa.

Nakutumia unga mweupe mtupu, mchanganyiko ule ule usioyeyuka. Rangi tia mwenyewe. Tafuta ngeu, ule udongo mwekundu wanaojipaka Waarusha, na masizi laini ya taa. Usimwage ngeu yote kwenye unga, itabaki madoadoa. Weka ngeu na masizi kwenye kinu kidogo, tia unga kiasi hicho hicho, saga mpaka rangi iwe moja. Kisha tia unga kiasi cha vyote vilivyomo, saga tena. Hivyo hivyo mpaka ufike rangi yako. Chekecha kwa soksi ya nailoni.

Ila dada, usiifanye nzito sana. Picha hupenda uso uliochangamka kidogo. Na fanya haraka, nakuomba. Agosti si mbali.

Kaanaeli


Kimandolu
21 Julai 1957

Mdogo wangu,

Kahawa imeanza kuiva, kila mtu yuko shambani, na mimi nimejificha jikoni na kinu cha kusagia iliki.

Ngeu niliifuata mwenyewe mnadani Oldonyo Sambu. Mzee mmoja, Lengai, aliniuliza natia alama ng'ombe wangapi. Nilipomwambia ni ya uso wangu alinitazama kwa heshima, akanichagulia donge laini lisilo na mchanga, akasema hatimaye Wameru wamepata akili. Huyo mzee amejipaka ngeu maisha yake yote na hakuna karani aliyemwita sufuria.

Nilisaga siku tatu. Ya kwanza ilitoka nyekundu, nikafanana na ukuta wa tofali. Ya pili masizi yalizidi. Ya tatu, Kaanaeli, niliipaka nusu ya uso tu nikaenda dirishani, na sikuiona. Nilijua nimepaka upande wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa unang'aa. Nilikaa pale na kioo kwa muda mrefu kuliko inavyompasa Mlutheri. Nilifurahi, basi, cheka.

Nikaenda mjini. Khairunissa alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga, akasema, "Umeamua kuachana na poda?" Nikamwambia ipo. Akapitisha kidole shavuni, akakitazama kidole, akaniita nyuma ya kaunta nimwelezee. Nimemwambia akaange buni atafute punje yake.

Picha nimepiga studio kwa Bharat, na gauni la bluu. Kila mtu anayeiona anasema, "Huyu ni Eunike kabisa." Nimeituma kwa Philemoni jana. Mama ameanza kuhesabu sahani za wageni.

Dada yako,
Eunike


Kimandolu
25 Agosti 1957

Kaanaeli,

Wote wazima. Sahani zimerudi kabatini.

Nakunakilia barua ya rafiki yako, usije ukasema nimeitia chumvi: "Nimepokea picha. Nasikitika kuona umepiga bila poda. Umetoka mweusi vile vile kama Krismasi. Nilimweleza Kaanaeli tangu mwanzo rangi ninayoitaka, naye akakutengenezea kopo zuri mwezi wa tano, nililiona kwa macho yangu. Kwa nini hukulitumia? Rudia picha na kopo lile, wazee wangu watasubiri mpaka mwezi wa kumi."

Kwa hiyo punje haikuvunjika posta. Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia mezani kwa Mama, maana barua niliifungulia hapo mbele yake. Uliishika punje yangu mkononi ikiwa nzima, ukaona mimi ni nani, ukakaa na kinu chako ukasaga mwanamke mwingine, ukanipelekea nimvae kanisani. Halafu ukaandika "rangi ni ile ile, nimeipima mwenyewe."

Huyo Philemoni simshangai. Nilitafuta poda isiyoonekana, nikaipata, naye hakuiona. Hakuwa na haja na mafuta wala kung'aa, tangu Krismasi alikuwa anatafuta namna ya kunifuta bila kusema. Mimi nimehangaika miezi sita na ugonjwa ambao sikuwa nao. Nimemjibu mistari miwili: "Poda nilipaka. Kinachokusumbua ni kilicho chini yake, nacho hakitoki kwa sabuni. Tafuta pengine."

Nimeandika hivyo nikiwa nimekaza meno, halafu nikaenda nyuma ya zizi nikalia, kwa sababu jiko langu na mlango wangu vimekwenda na barua hiyo. Ujue na hilo.

Lakini wewe nakushangaa. Wewe ulikuwa na haraka kuliko mimi. Kila barua, "piga upesi," "Agosti si mbali." Posa ni yangu, wewe unakimbilia nini? Mficha uchi hazai, Kaanaeli. Sema.

Eunike


Dar es Salaam
29 Septemba 1957

Dada Eunike,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara nne.

Punje ilifika nzima. Ninayo bado. Philemoni alisema wazee wake hawatapanda basi mpaka aone picha ya mwanamke mweupe kidogo, hata kama ni poda, awaonyeshe wenzake wa ofisini. Nilimwona mpumbavu. Lakini nilifanya alivyotaka, kwa hiyo sijui nijiite nini.

Baba aliniambia Krismasi ile ile, mimi na yeye tu, kwamba sitaoa kabla wewe hujatoka nyumbani. Kwamba katika ukoo wetu mdogo hamruki mkubwa. Kuna msichana hapa, Hanna, muuguzi, kwao Machame. Nilidhani ukiposwa Agosti na kuolewa mara moja, mimi ningeoa Septemba na hakuna ambaye angehesabu miezi. Sasa wanahesabu. Ana mimba ya miezi sita. Kazini wamemsimamisha, na mchungaji wa huku amesema hatubariki mpaka aone barua ya Baba. Baba sijamwambia. Nina umri wa miaka ishirini na mitano na namwogopa kama nilivyomwogopa nikiwa mtoto.

Sikukuambia kwa sababu ungenidharau. Nilifikiri ni bora nikudanganye.

Sina haki ya kukuomba kitu. Nakuomba.

Kaanaeli


Kimandolu
20 Oktoba 1957

Kaanaeli,

Baba ni mzima, ingawa wiki iliyopita nilidhani nimemuua. Mama yuko sawa. Kahawa imeuzwa.

Ulifikiri vizuri, nakudharau. Ulimwogopa Baba, ukamwogopa Philemoni, ukamwogopa na mchungaji. Katika watu wote ukaona wa kusagwa ni mimi, kwa sababu mimi ndiye usiyeniogopa. Mtu hutendewa ubaya na anayemwamini, hilo nafundisha mpaka watoto wa darasa la pili, na mimi mwenyewe nilikuwa silijui.

Sasa sikiliza kilichofanyika. Jumamosi nilimwomba Baba aite wazee wa ukoo. Alidhani ni posa, akachinja beberu. Nilijipaka poda yangu, nikavaa gauni la bluu, nikasimama mbele yao kumi na mmoja. Nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe kwamba mimi Eunike, mzaliwa wa kwanza, nimempisha mdogo wangu Kaanaeli, aoe kabla yangu, na kwamba hakuna aliyenilazimisha. Mzee Ephraimu aliniuliza mara tatu, kama desturi inavyotaka, kama najua maana yake. Najua, na wewe unajua: aliyempisha mdogo wake, habari yake imefungwa. Hakuna mshenga atakayetumwa tena kwa ajili yangu, na akija mtu kwa miguu yake mwenyewe wazee watamwuliza yeye ana kasoro gani. Mara zote tatu nikajibu ndiyo.

Halafu nikawaambia habari ya Hanna. Baba alitoka nje akakaa na ng'ombe mpaka beberu akapoa. Aliporudi aliomba karatasi, akaandika barua kwa mchungaji wako kwa mkono wake. Imo humu ndani. Ibebe leo leo, usingoje Jumatatu.

Sijafanya hivi kwa ajili yako, usije ukajidanganya ukaanza kunishukuru. Barua ya shukrani nitaichoma bila kuifungua. Nimefanya kwa sababu kuna mtu mdogo anakuja ambaye hajamdanganya mtu bado, na kwa sababu huyo muuguzi ambaye sijamwona amesimamishwa kazi peke yake wakati wewe bado unakwenda kazini na koti jeupe.

Mama atakuja huko Desemba kumsaidia Hanna. Mpokee kituoni mwenyewe, usimtume mtu. Mtoto akizaliwa, niandikie siku hiyo hiyo. Niambie kama ni mzima, kama ananyonya, na mama yake anaendeleaje. Rangi yake usiniandikie.

Eunike